Shajara ya mradi: kuondoa mwani sugu katika tangi la matumbawe, Seeb, Oman

6 Oktoba 2024. Hali ilivyo kabla ya kuanza

Tangi ni la lita 300. Ukitoa nafasi ya mawe na mchanga, kisha ukajumlisha tangi la chini lenye kichujio cha povu (kinachotoa uchafu kwa mapovu ya hewa), maji yenyewe ni kama lita 270. Lina mwaka na ushei. Ndani mna samaki wawili wa anemoni, kangaja mmoja wa zambarau (Zebrasoma xanthurum) na samaki mdogo wa Salarias anayelamba mawe. Matumbawe ni Montipora la umbo la sahani, vipande vichache vya Acropora, Euphyllia yenye vichwa vingi, na Zoanthus kwenye visahani vya plastiki.

Tangu Agosti mwani wa kijani umefunika karibu nusu ya mawe. Ukiunyofoa Ijumaa, Ijumaa inayofuata umerudi na urefu wa kidole. Umeanza kupanda juu ya ukingo wa Montipora, na hapo ndipo nilipoamua kwamba kunyofoa peke yake hakutoshi. Nitaandika kila hatua ikimalizika, chini ya tarehe iliyoanza, pamoja na bei kwa riali za Oman, ili anayetaka kufuata ajue anaingia wapi.

Vipimo vya leo: joto 26, chumvi 35 kwa elfu, alkalini 8.1 dKH (uwezo wa maji kuhimili asidi), na kwa miligramu kwa lita, kalsiamu 425, magnesiamu 1320, nitrati 12, fosfati 0.31. Fosfati, ambayo pamoja na nitrati ndiyo chakula cha mwani, nimepima kwa kipimo cha kidijitali kinachosoma fosforasi kwa sehemu za bilioni. Kilisoma 101. Unazidisha kwa 3.066 kupata fosfati, kisha unagawa kwa 1000, inakuwa 0.31. Vipimo vya kulinganisha rangi kwa macho havifai kwa kazi hii, kwa sababu tofauti kati ya 0.03 na 0.10 ndiyo tofauti tunayoitafuta, na jicho haliioni. Kifaa: riali 28.

11 Oktoba 2024. Maji yanayoingia

Maji ya bomba hapa Seeb, na Maskati kwa jumla, mengi ni ya bahari yaliyochujwa chumvi, kwa hiyo watu hudhani ni masafi tayari. Ni masafi ya kunywa. Hata hivyo yameongezewa madini kabla ya kusambazwa, yamepita kwenye mabomba, kisha yamekaa kwenye tangi la juu ya paa. Kipimo cha chumvichumvi kilisoma 180 kwenye bomba na 14 baada ya mtambo wangu wa kuchujia. Inatakiwa kuwa 0.

Utando wa mtambo ulikuwa mzima. Kilichochoka ni resini ya mwisho, yaani punje zinazonasa chumvichumvi iliyopita kwenye utando. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba resini ikianza kuchoka, silika ni miongoni mwa vitu vya kwanza kupenya, na kipimo cha chumvichumvi hakiioni vizuri kwa sababu silika iliyoyeyuka haina chaji ya umeme ya kutosha. Ule utando wa kahawia uliokuwa ukirudi kwenye kioo na mchanga ulikuwa wa diatomu, mwani wa seli moja, na diatomu hujenga magamba yao kwa silika. Nimebadilisha resini (riali 9), na utando wa kahawia ulikwisha wenyewe ndani ya wiki chache. Mwani wa kijani haukutikisika hata kidogo.

18 Oktoba 2024. Kuujua kabla ya kuupiga

Nilinunua hadubini ndogo ya wanafunzi, riali 18. Katika vitu vyote vilivyomo humu, hiki ndicho ningekinunua kwanza. Neno «mwani» linabeba viumbe ambao hawana hata undugu wa karibu, na dawa ya mmoja ni chakula cha mwingine.

Nimepata aina tatu. Mwingi ni mwani wa nywele wa jamii ya Derbesia: nyuzi laini zisizo na kuta za kugawa seli, ukizitoa majini zinalala kama pamba iliyolowa. Upande wa kutokea maji kuna kichaka cha kijani kibichi zaidi, na kila uzi wake una matawi pande mbili kama unyoya wa ndege. Huyo ni Bryopsis, na ndiye mgumu. Chini ya jiwe kubwa kuna vigoroli vya kijani vinavyong'aa, yaani Valonia, ambavyo kila kimoja ni seli moja tu. Vigoroli nilivikwanyua vikiwa vizima kwa kuzungusha kwenye shina, na mpira wa kufyonzea ukiwa pembeni ili kikipasuka maji yake yatoke moja kwa moja. Havijarudi kwa wingi.

27 Oktoba 2024. Jaribio la ndoo

Nilibadilisha maji asilimia 20 mara kadhaa mfululizo. Kwa hesabu, kila badiliko lilitakiwa kushusha fosfati kwa moja ya tano. Ilishuka siku hiyo hiyo, na baada ya siku mbili ikarudi karibu ilipokuwa. Chakula pekee hakiwezi kueleza hilo.

Basi nikatoa jiwe moja la ukubwa wa nazi, nikalisugua kwa mswaki mpaka halina uzi hata mmoja, nikaliweka kwenye ndoo ya lita 20 yenye maji mapya ya chumvi, pampu ndogo na kipasha joto. Hakuna samaki, hakuna chakula, hakuna mwanga. Maji yalianza na 0.00. Baada ya saa 48 yalisoma 0.18.

Mawe haya niliyanunua makavu kutoka tangi la mtu aliyeacha shughuli hii. Mawe ya matumbawe ni kalsiamu kaboneti, na fosfati hung'ang'ania juu ya uso wake. Maji yakiwa na fosfati nyingi, mawe hufyonza. Maji yakisafishwa, mawe huachia. Kwa hiyo tangi langu lilikuwa na ghala ambalo hakuna kipimo cha maji kinacholiona. Yeyote anayenunua mawe yaliyotumika afanye jaribio hili kabla hayajaingia ndani. Gharama yake ni ndoo na siku mbili.

Linalofanana na hilo ni suala la kupima maji ya tangi lililojaa mwani na kupata fosfati 0.02. Kipimo kinaonyesha kilichobaki baada ya mwani kula. Mtu mwenye mawe ya kijani kibichi na kipimo kinachosoma sifuri hana maji masafi. Ana mwani wenye hamu kubwa ya kula.

9 Novemba 2024. Punje za oksidi ya chuma

Punje hizi hukamata fosfati na kuishikilia. Riali 14 kwa kopo. Niliweka kiasi kilichoandikwa kwenye kopo, ndani ya bomba maalumu, maji yakipita polepole.

Fosfati ilitoka 0.28 hadi 0.04 chini ya wiki moja. Kwa macho ya mtu anayetazama namba tu, huo ni ushindi. Kwa matumbawe yalikuwa maafa: ncha za Acropora zilibaki nyeupe bila nyama, ukingo wa Montipora ukapauka, na Euphyllia ikajikunja. Matumbawe yaliyokaa miezi kwenye fosfati nyingi hayahimili kushushwa ghafla hivyo, na maelekezo ya kopo hayaulizi tangi lako limezoea nini.

Nilitoa punje zote, nikasubiri. Mawe yakaachia tena, maji yakapanda hadi 0.19. Safari ya pili niliweka theluthi moja ya kiasi, nikawa nabadilisha kila wiki na kupima kila baada ya siku mbili, nikilenga kushuka kwa 0.02 hadi 0.03 kwa wiki. Ilichukua mpaka katikati ya Januari kufika 0.06. Kipande kimoja cha Acropora hakikupona. Vingine vimeota ngozi mpya juu ya sehemu nyeupe.

Chakula: nilipunguza kiasi cha mara moja, nikagawa mara mbili kwa siku. Kuosha chakula kilichogandishwa kabla ya kukitia nimeacha. Fosfati iliyomo kwenye maji ya barafu ile ni kidogo sana ukilinganisha na iliyomo kwenye nyama yenyewe ya kamba, na samaki akishakula, yote inaingia majini vilevile.

23 Novemba 2024. Giza

Taa zimezimwa siku tatu, tangi limefunikwa kwa shuka nzito. Mwani wa nywele ulipauka kidogo, taa zikawashwa, ukarudi. Matumbawe yalinuna wiki nzima. Sitarudia kwa mwani wa aina hii.

7 Desemba 2024. Walaji

Konokono wa Trochus, konokono wa Turbo, na mnyama mmoja wa miiba mifupi wa aina ya Mespilia. Jumla riali 31. Trochus wana faida moja kubwa: wakianguka chali kwenye mchanga hujigeuza. Turbo wengi hawawezi, na ukichelewa kuwageuza wanakufa na kuoza, ukawa umelisha mwani uliokuja kuupunguza. Mespilia hula vizuri ila hubeba chochote kisichogundishwa, kwa hiyo visahani vya Zoanthus vyote vimetiwa gundi.

Walaji hawali mwani mrefu. Lazima uunyofoe kwa mkono mpaka ubaki mfupi, ndipo wao wauzuie usirefuke. Baada ya kufanya hivyo, mawe ya mbele yalikaa safi kwa mara ya kwanza tangu Agosti, na kangaja akaanza kutembea juu yake mchana kutwa akidonoa. Bryopsis hakuguswa na yeyote.

Nimeshauriwa nichukue konokono pwani bure. Visiwa vya Daymaniyat ni hifadhi tangu 1996, hapo hakiguswi kitu. Na hata kwingineko sioni haki ya kuinusuru kazi ya sebuleni kwa kuupunguzia mwamba wa kweli walaji wake. Mwamba wa baharini unazuiliwa usigeuke shamba la mwani na hao hao: kangaja, pono, tasi, konokono. Ukishavua wote, kinachotokea huko ni hiki ninachopigana nacho hapa, na huko hakuna mpira wa kufyonzea.

Visahani viwili vya Zoanthus vilivyokuwa na nywele sugu nilivitoa nje ya maji, nikapaka peroksidi ya asilimia 3 kwenye nyuzi tu kwa kijiti cha pamba, nikasubiri dakika mbili, nikasuuza, nikarudisha. Nyuzi zilipauka na kukatika baada ya siku chache. Vaa glavu na miwani. Zoanthus na jamaa zake wa Palythoa wanaweza kuwa na sumu ya palitoksini, ambayo ni kali sana. Wala usichemshe kamwe mawe yenye viumbe hawa: mvuke wake umewahi kulaza familia nzima hospitalini.

12 Januari 2025. Flukonazoli dhidi ya Bryopsis

Fosfati 0.06, nitrati 5, na Bryopsis yuko palepale, tena amehamia kwenye jiwe la pili. Huyu hafi kwa njaa kabla matumbawe hayajafa.

Flukonazoli ni dawa ya fangasi ambayo wafugaji wa matumbawe wameitumia kwa miaka kadhaa dhidi ya Bryopsis. Kiasi kinachotumika ni takribani miligramu 5 kwa lita. Kwa lita zangu 270 ni miligramu 1,350. Hesabu maji halisi, usihesabu ukubwa wa kioo. Niliagiza ya unga safi iliyotengenezwa kwa matangi, riali 12, kwa sababu vidonge vya kawaida vina viungo vingine vya kushikilia.

Maandalizi: nilitoa makaa ya kuchujia, nikatoa punje za chuma, nikakiacha kichujio cha povu kikizunguka bila kikombe ili maji yaendelee kupata hewa. Mwani mzuri wa tangi la chini, Chaetomorpha, niliuhamishia kwenye ndoo yenye taa, maana taarifa za watu juu yake zinapingana.

Siku za mwanzo hakuna kilichobadilika, na hapo ndipo wengi huongeza dawa. Msiongeze. Baada ya wiki hivi rangi ilianza kufifia kuelekea kijivu. Wiki ya pili ulikuwa ukiugusa unakatika. Hatari ilikuwa upande mwingine: mwani unaokufa unarudisha majini kila ulichokula. Fosfati ilipanda kutoka 0.06 hadi 0.14, na utando mwekundu wa sianobakteria (bakteria wanaoishi kwa mwanga kama mwani) ukajitokeza kwenye kona isiyo na mkondo. Nilifyonza mwani uliokufa kila jioni, nikaelekeza pampu moja kwenye kona ile, na utando ukaisha bila dawa.

Mwanzoni mwa Februari nilibadilisha maji robo tangi, nikarudisha makaa na punje. Bryopsis hajaonekana tena. Salarias, kangaja na konokono wote wako salama.

22 Februari 2025. Kwa nini situmii maji ya bahari

Rafiki aliniambia naunguza pesa kwa chumvi ya ndoo ilhali bahari iko dakika kumi kwa gari. Nilikwenda naye ufukweni usiku kumwonyesha. Miezi hii ya kaskazi maji ya Bahari ya Oman hugeuka kijani kwa sababu ya Noctiluca, kiumbe wa seli moja anayebeba vijani vingine hai ndani yake. Usiku kila wimbi linawaka buluu. Ni jambo la kupendeza kulitazama, lakini maji yenye mlipuko wa viumbe wa namna hiyo huwa na amonia na mabaki tele.

Wakazi wa zamani wa hapa wanakumbuka makubwa kuliko hayo. Mwaka 2008 hadi 2009 mlipuko wa Cochlodinium polykrikoides, kiumbe mwingine wa seli moja, ulienea Ghuba na Bahari ya Oman. Samaki walikufa kwa wingi, matumbawe yakaharibika, na mitambo ya kuchuja maji ya bahari ikalazimika kusimama. Kwa hiyo naendelea na ndoo ya chumvi. Ndoo tatu tangu Oktoba, riali 27 kila moja.

8 Machi 2025. Sifuri

Kwa mwani mwingi kuondoka, hakuna tena aliyekuwa akishindania chakula, lakini mawe nayo yalikuwa yamepunguza kuachia na punje za chuma zikiendelea kufanya kazi. Wiki iliyopita vipimo vilisoma nitrati 0, fosfati 0.00. Siku chache baadaye nyuzi za kahawia zenye mapovu zikaning'inia kutoka kwenye mawe na ncha za Acropora. Usiku zinapungua, mchana zinarudi. Konokono wakaanza kulala chali, na Trochus kadhaa wakafa.

Jaribio la kujua bila hadubini: chota nyuzi kwenye chupa, tikisa mpaka zivunjike, chuja kwa karatasi ya jikoni, weka maji yaliyochujwa chini ya taa kwa saa moja. Zikijikusanya tena kuwa nyuzi, ni dinoflajelati, viumbe wa seli moja wanaoogelea. Zilijikusanya. Chini ya hadubini zilikuwa umbo la tone, zikizunguka kila moja mahali pake kana kwamba zimefungwa kamba: Ostreopsis. Baadhi ya aina zake hutoa sumu za jamii ile ile ya palitoksini, na hilo linaeleza konokono.

Hapa ndipo ningependa msomaji asimame. Mtu akiona uchafu huu atakimbilia kupunguza chakula, kubadilisha maji na kuongeza punje. Yote hayo yanawasaidia dinoflajelati, kwa sababu wao hustawi pale maji yanapokosa nitrati na fosfati na washindani wao wamekufa njaa. Namba ya sifuri ambayo tunaipongeza kwenye vipimo ndiyo iliyowafungulia mlango.

Nilichofanya: punje za chuma nje. Maji hayabadilishwi. Nitrati ya sodiamu (riali 6) kidogo kila siku mpaka nitrati ikafika 5. Fosfati ilipanda yenyewe kwa kulisha zaidi, mpaka 0.07. Kisha taa ya UV (mionzi inayoua viumbe wadogo wanaopita nayo majini) ya wati 24, riali 46, ikivuta maji moja kwa moja kutoka tangi kuu na kuyarudisha humo humo. UV inafaa kwa Ostreopsis kwa sababu usiku huachia mawe na kuelea. Amphidinium, dinoflajelati wa aina nyingine, hukaa mchangani, kwa hiyo UV haimpati. Ndiyo maana ya kutazama hadubini kabla ya kutoa pesa. Makaa mapya yaliwekwa kwa ajili ya sumu.

5 Aprili 2025

Nyuzi zimekwisha kabisa. Kwenye mawe kumeota utando mwembamba wa kijani, na hapa na pale rangi ya waridi ya mwani wa chokaa. Naufurahia utando huu wa kijani na siuondoi. Konokono wapya wachache niliopewa na jirani wanaishi.

21 Juni 2025. Hali ya sasa na hesabu

Joto la nje limevuka 40 na mashine ya kupoza maji inazunguka karibu muda wote. Maji yako 26.5. Nitrati 7, fosfati 0.06, alkalini 8.0, bila kuyumba tangu Mei. Chaetomorpha imerudi chini na taa yake inawaka usiku, tangi kuu likiwa gizani. Kila baada ya wiki mbili natoa ujazo wa bakuli, na hiyo ndiyo njia yangu kuu ya kutoa chakula kilichozidi. Punje za chuma ziko kabatini. Mwani wa nywele upo, mfupi, nyuma ya mawe, na kangaja anaujua.

Montipora imepata ukingo mpya mweupe wa kukua upande mzima uliokuwa umepauka Novemba.

Matumizi yote: kipimo cha fosforasi 28, resini 9, hadubini 18, punje 14, walaji 31, flukonazoli 12, nitrati 6, UV 46, chumvi 81. Jumla riali 245. Anayeanza leo na kufanya jaribio la ndoo kabla ya kuweka mawe ataepuka punje, na huenda pia UV.

Hatua inayofuata ni jiwe kubwa la pembeni, ambalo kwenye jaribio jipya la ndoo bado limeachia 0.09 kwa saa 48. Halina tumbawe lililoshika. Litatolewa na kulowekwa kwenye maji ya chumvi yenye punje za chuma mpaka lishuke chini ya 0.03, kisha lirudi. Nitaandika likishaingia ndani.